Gari la Petroli, Gari la Umeme na Maneno ya Steji

Kwenye steji za Jogoo Road, gari humtambulisha mwenyewe kabla hajafungua mlango. Mwenye Probox ana haraka na hana breki. Mwenye Subaru ni kijana wa kelele. Nissan Note, Vitz na Demio ni "magari ya akina mama", na anayeenda polepole kwenye leni ya kulia lazima awe mwanamke, mpaka apitwe na ionekane kwamba ni mzee mwenye ndevu nyeupe. Mwenye Prado hapishi mtu. Dereva wa matatu, huyo hata hajadiliwi. Siku hizi ameongezeka mwingine: mwenye gari la umeme, ambaye eti anapenda kujionyesha, hajui atachajia wapi akienda ushago, na gari lake ni simu yenye magurudumu.

Maneno haya huchekesha, lakini yana gharama. Mkazi wa Mbotela, Kaloleni au Makongeni anaponunua gari, pesa hizo ni mkopo wa sacco, ni kiinua mgongo, au ni kipande cha shamba kilichouzwa. Wapo wanaonunua gari kubwa la petroli kwa sababu dogo "halina heshima", kisha wanaliegesha tangu tarehe 10 ya mwezi kwa kukosa mafuta. Wapo pia waliosikia kwamba umeme ni bure wakakimbilia gari wasiloweza kulichaji. Wote wawili walisikiliza steji badala ya kupiga hesabu. Somo hili linaeleza hesabu yenyewe, kwa kuanza na hizo sifa za madereva, kwa kuwa ndizo zinazoziba masikio.

Nyuma ya sifa ya dereva kuna malipo

Toyota ilitoa Probox mwaka 2002 kama gari la kazi, la kusambazia bidhaa za maduka na ofisi huko Japani. Halina injini ya ajabu. Lilipofika Kenya lilipewa kazi ileile, ila kwa mzigo mkubwa zaidi: miraa, maziwa, mikate, mboga, na abiria wa barabara za mashambani ambako matatu hazifiki. Miraa ikichelewa hunyauka na bei yake huanguka. Kinachokimbia barabarani ni ile miraa, na Probox imebeba lawama tu. Dereva huyohuyo akipewa Probox ya kupelekea watoto shuleni, haraka ile huisha.

Kwa matatu jambo hili ni wazi zaidi. Madereva na makanga wengi hawana mshahara wa mwezi. Mwenye gari anataka kiasi fulani kila jioni, mafuta yatoke kwenye nauli, na kinachobaki ndicho chakula cha wafanyakazi. Kila dakika inayopotea kwenye msongamano wa City Stadium inatoka mfukoni mwao. Mtu mpole kuliko wote mtaani akiwekwa katika mpango huo, baada ya wiki mbili naye atakuwa anapanda ukingo wa barabara.

Kenya ilishawahi kuona ushahidi wa jambo hili. Mwaka 2004, kanuni zilizoletwa na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zililazimisha matatu kuwa na mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano na wafanyakazi wenye sare. Madereva walikuwa walewale wa mwaka uliotangulia. Kilichobadilika ni kwamba kuvunja sheria kulianza kugharimu zaidi ya kuifuata, na kwa muda barabara zilitulia. Ulegevu uliporudi, tabia nazo zilirudi.

Kuhusu "magari ya akina mama", ni vizuri kukumbuka kwamba katika maeneo ya mji kikomo cha kawaida cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Anayeenda 50 anafuata sheria, na anayempigia honi kwa nyuma ndiye anayetaka kuivunja. Kosa lake, kama lipo, ni kukaa leni ya kulia huku kushoto kukiwa wazi, na kosa hilo lina wanaume wengi mno.

Mwaka 2023 Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, iliandikisha vifo 4,324 katika barabara za Kenya. Kundi kubwa zaidi katika orodha hiyo, kama ilivyo miaka mingine, ni la watembea kwa miguu. Ubishi wa Subaru na Probox ni ubishi wa wenye magari, ilhali anayekufa mara nyingi zaidi hana gari kabisa. Alikuwa anavuka Jogoo Road kwenda kazini Industrial Area.

"Umeme" wa aina tatu

Mengi ya malalamiko kuhusu magari ya umeme hutokana na kuita vitu vitatu tofauti kwa jina moja.

Aina ya kwanza ni haibridi ya kawaida, kama Toyota Aqua au Honda Fit haibridi. Lina injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana. Halichomekwi popote. Likifunga breki, sehemu ya nguvu ambayo ingepotea kama joto hurudishwa kwenye betri, na ndiyo sababu hunufaisha zaidi kwenye msongamano kuliko kwenye barabara kuu ya Mombasa.

Aina ya pili ni ile inayowachanganya watu wengi: Nissan Note e-Power, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2016. Magurudumu yake huzungushwa na mota ya umeme peke yake, kwa hiyo muuzaji anaweza kusema bila kudanganya kwamba "linaendeshwa na umeme". Lakini umeme huo hutengenezwa na injini ya petroli iliyomo ndani ya gari. Halina mahali pa kuchomeka waya. Petroli ikiisha, linasimama. Ni gari zuri la mjini, ila mtu aliyelinunua akidhani ameagana na kituo cha mafuta amenunua maneno.

Aina ya tatu ndiyo gari la umeme kamili: betri kubwa chini ya sakafu, mota, na soketi ya kuchajia. Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwaka 2010, ndilo linalojulikana zaidi kati ya yale yaliyotumika. Halina plagi za kuwashia, halina mafuta ya injini ya kubadilisha, halina bomba la moshi. Breki zake hudumu, kwa sababu mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo. Hesabu zinazofuata zinahusu aina hii ya tatu.

Hesabu ya kilomita moja

Bei ya petroli hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi. Septemba 2023 ilivuka shilingi 200 kwa lita jijini Nairobi kwa mara ya kwanza, kisha baadaye ikashuka. Kwa mfano huu ichukuliwe shilingi 180. Gari dogo la petroli katika msongamano wa Eastlands huenda kilomita 12 hivi kwa lita, hata kama kijitabu chake kinataja 20. Mia moja themanini ukigawa kwa 12 ni shilingi 15 kwa kila kilomita.

Umeme hupimwa kwa uniti, yaani kilowati-saa. Gari kama Leaf huenda takriban kilomita 6 kwa uniti moja. Kuna kiasi kinachopotea kama joto wakati wa kuchaji, na ni salama kuongeza sehemu moja ya kumi. Ikiwa tokeni za nyumbani, pamoja na kodi na tozo zote, zinatoka shilingi 30 kwa uniti, kilomita moja inagharimu shilingi 5 na senti 50. Kwenye kituo cha kuchaji cha biashara bei huwa juu zaidi. Ikiwekwa shilingi 45 kwa uniti, kilomita moja ni shilingi 8 na robo. Bei hizi ni za mfano. Kila mtu aweke zake kutoka kwenye risiti yake.

Sasa wachukuliwe wakazi wawili. Wa kwanza ni dereva wa teksi ya programu ya simu, anayeenda kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 3,120. Kwa petroli anatumia shilingi 46,800. Akichaji nje kwa shilingi 45, anatumia 25,740. Kila mwezi anabaki na shilingi 21,060 ambazo sasa zinaishia kwenye tangi. Ikiwa gari la umeme lilimgharimu shilingi 400,000 zaidi ya lile la petroli, tofauti hiyo hurudi ndani ya miezi 19.

Wa pili ni karani anayepanda matatu ya 58 kwenda mjini siku za kazi, na gari lake hutoka wikendi tu: sokoni, kanisani, kumtembelea shangazi Kitengela. Kwa mwezi ni kilomita 200. Petroli ni shilingi 3,000. Umeme wa nyumbani ni shilingi 1,100. Anaokoa shilingi 1,900 kwa mwezi, yaani 22,800 kwa mwaka. Zile shilingi 400,000 za ziada zitarudi baada ya miaka 17 na nusu, wakati ambapo betri yenyewe itakuwa imezeeka zamani.

Gari ni lilelile, bei ni ileile, mtaa ni uleule. Kwa mmoja ni ukombozi, kwa mwingine ni mzigo. Ndiyo maana ubishi wa "umeme ni bora" na "petroli ni bora" hauwezi kwisha steji: kila mmoja anaeleza maisha yake akidhani anaeleza gari.

Karani huyu asikimbilie kucheka, hata hivyo. Kwa kilomita 200 kwa mwezi, swali lake halisi ni kama anahitaji gari. Bima, sehemu ya kuegesha, matairi na mkopo humfuata hata gari likiwa limelala. Teksi mbili za wikendi huenda zikamgharimu nusu ya hizo. Hili ndilo chaguo ambalo steji hailitaji, kwa sababu asiye na gari hana la kusifiwa.

Gari linalala wapi?

Hapa ndipo Mbotela inapotofautiana na Kileleshwa, na ndipo makala nyingi za magari ya umeme zinapowaacha wakazi wa Eastlands. Mtaa huu, unaobeba jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa Nairobi mwaka 1952, ulijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi ambao hakuna aliyetarajia wawe na magari. Nyumba ni ndogo, zimekaribiana, na gari hulala nje: kando ya barabara, mbele ya duka, au kwenye uwanja unaolindwa kwa ada ya usiku.

Soketi ya kawaida ya nyumbani, ikitumiwa kwa amperi 10 katika volti 240, hutoa kilowati 2.4. Dereva wa teksi wa mfano wetu anahitaji uniti 22 kila siku. Ishirini na mbili kwa 2.4 ni saa 9 na dakika kama 10. Kwa saa zote hizo waya unabeba mkondo mkubwa bila kupumzika. Pasi ya nguo hutumia nguvu kama hiyo, lakini kwa dakika 15, tena ikizima na kuwaka.

Ndiyo sababu ekstensheni iliyonunuliwa barabarani, ikapitishwa dirishani, ikavuka njia ya watoto hadi kwenye gari, ni hatari ya moto. Waya mwembamba hupata joto, na ukiwa umekunjwa joto halina pa kutokea. Kiungo kilichofungwa kwa utepe hulegea na kutoa cheche. Mvua ikinyesha kuna hatari ya kupigwa na stima. Katika safu ya nyumba zinazoshikana, moto wa mmoja ni moto wa wote. Na pale ambapo stima yenyewe imeunganishwa kinyume cha sheria, kuchaji gari ni kuongeza mzigo mzito kwenye nyaya ambazo hakuna aliyezikagua.

Kuna pia ujirani. Nyumba yenye taa, televisheni na friji ndogo huweza kutumia uniti 2 au 3 kwa siku. Gari la teksi linakula karibu mara kumi ya hizo. Mahali ambapo wapangaji wanatumia mita moja, ugomvi wa tokeni utaanza wiki ya kwanza. Isitoshe, katika bei za EPRA anayezidi uniti 100 kwa mwezi huhamia kiwango cha juu cha bei ya nyumbani, kwa hiyo zile shilingi 30 za mfano hazitabaki 30.

Njia halali ipo. Katika bei zilizoidhinishwa na EPRA kuanzia Aprili 2023, kuna kiwango maalumu cha kuchajia vyombo vya usafiri vya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ya nchi ni madogo, hasa usiku, kabla ya kodi na tozo nyingine. Kiwango hiki hakimfikii mtu kupitia mita yake ya kawaida ya nyumbani. Huhitaji mita ya kazi hiyo kutoka Kenya Power. Kwa mpangaji mmoja huenda jambo hilo likawa zito. Kwa mwenye uwanja wa kuegesha magari usiku, ambaye tayari ana mlinzi, ukuta na wateja 20, ni biashara inayostahili kufikiriwa. Chama cha madereva au sacco ya teksi pia kinaweza kuomba mita moja na kugawana gharama kwa haki.

Mpangaji wa nyumba ya kaunti anayetaka soketi ya nje aanze kwa kuomba idhini katika ofisi ya nyumba inayosimamia mtaa wake, kisha kazi ifanywe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Kuomba kuona leseni si kumdharau fundi.

Boda na basi zimetangulia

Wakati watu wanabishana kuhusu Leaf, vyombo viwili vimeshaingia Eastlands bila kelele nyingi, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Cha kwanza ni bodaboda ya umeme. Tatizo la mahali pa kuchaji lilitatuliwa kwa kuliepuka: mwendeshaji hachaji, bali anabadilisha betri iliyoisha kwa iliyojaa, kwa dakika chache, na kuendelea na kazi. Kwa mtu anayeenda kutwa nzima katika mji huu, hesabu ni kama ile ya dereva wa teksi, ila kwa mtaji mdogo zaidi. Lakini kuna la kuangalia. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Mara nyingi betri si mali ya mwendeshaji hata akimaliza kulipa pikipiki. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi aulize vituo vya kubadilishia viko wapi, vinafungwa saa ngapi, betri ni ya nani, na siku akisimamisha malipo kitatokea nini. Na kama ana mpango wa kuipeleka pikipiki nyumbani Murang'a au Siaya siku moja, aulize kama huko kuna kituo hata kimoja.

Cha pili ni basi. Kampuni ya BasiGo ilileta mabasi yake ya kwanza ya umeme Nairobi mwaka 2022, na majaribio yakafanywa na kampuni za usafiri za Citi Hoppa na East Shuttle. Mpango wake wa mwanzo ulikuwa wa kuvutia kwa mtu wa hesabu: mwenye basi hakununua betri, ambayo ndiyo sehemu ya gharama kubwa, bali alilipa shilingi 20 kwa kila kilomita, na malipo hayo yakajumuisha kuchaji na matengenezo. Basi linaloenda kilomita 200 kwa siku hurudisha gharama haraka kuliko gari la mtu binafsi litakavyoweza. Kwa mkazi anayesubiri steji, faida haiko mfukoni bali kifuani. Moshi mweusi wa dizeli unaotolewa na gari lililosimama na kunguruma mbele ya kibanda cha mboga huingia kwenye mapafu ya mama mboga na ya mtoto aliyelala nyuma yake, siku sita kwa wiki.

Mtu akisema kwamba moshi huo umehamishiwa tu kwenye mitambo ya kuzalisha stima, jibu ni kwamba kwa Kenya si hivyo. Takriban asilimia 90 ya umeme wa nchi hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Petroli na dizeli, kwa upande mwingine, zote huagizwa kutoka nje, na kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mombasa kiliacha kusafisha mwaka 2013. Lalamiko lenye uzito zaidi ni la stima kupotea. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Siku kama hiyo mwenye petroli hufika kazini, na mwenye gari la umeme hufika ikiwa alichaji jana.

Kabla ya kulipa

Magari yaliyotumika yanayoingizwa Kenya hayapaswi kuzidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na lazima usukani uwe upande wa kulia. Kanuni hii ya KEBS inahusu petroli na umeme vilevile. Lakini umri una maana tofauti kwa kila moja. Injini ya petroli iliyochoka hufunguliwa na fundi, au hubadilishwa kwa nyingine iliyotumika kutoka Kirinyaga Road, pale wengi wanapopaita Grogan. Betri ya gari la umeme iliyochoka haina Grogan yake bado. Mafundi wanaoielewa ni wachache, na volti zake zinaua. Si kazi ya kujifunzia.

Leaf la kwanza, lenye betri ya kilowati-saa 24, lilikadiriwa kwenda takriban kilomita 117 likiwa jipya. Betri hiyo ikibaki na asilimia 70 ya uwezo wake, ni kama kilomita 80. Dereva wetu wa teksi, mwenye kazi ya kilomita 120, atasimama kabla ya saa nane mchana. Ndiyo haya yanayouzwa kwa bei nafuu na watu wa hapa nchini, na ndiyo yanayofanya watu waape kwamba gari la umeme ni hasara. Leaf la baadaye lenye betri ya kilowati-saa 40 lilikadiriwa takriban kilomita 240 likiwa jipya, na hilo linamtosha kwa siku nzima hata likipungua. Kwenye dashibodi ya Leaf kuna vistari 12 vidogo kando ya kipimo cha chaji, vinavyoonyesha afya ya betri. Anayenunua avihesabu mwenyewe, asiambiwe. Kisha alichaji hadi lijae, aliendeshe kwenda Thika na kurudi, na aone kilichobaki.

Kuhusu ushago, wanaolalamika wana haki. Nairobi hadi Kisumu ni takriban kilomita 350, na hakuna Leaf la aina yoyote kati ya hizi litakalofika bila kuchajiwa njiani. Anayeenda nyumbani mara mbili kwa mwaka anaweza kupanda basi au kukodi gari, na bado akabaki na faida kubwa. Anayeenda kila wiki mbili kwa sababu ya mzazi mgonjwa anunue la petroli au haibridi bila kuona aibu.

Kuna pia hatari ya kutegemea kampuni moja. NopeaRide ilianza huduma ya teksi za umeme Nairobi mwaka 2018 kwa kutumia magari ya Leaf, ikawa miongoni mwa za kwanza katika eneo hili, na Desemba 2022 ikafunga. Dereva ambaye gari, chaja na wateja wake vyote ni vya kampuni moja hupoteza vyote siku moja.

Na kuna jambo moja la barabarani ambalo mwenye gari la umeme mtaani lazima alizoee. Gari hili halisikiki. Watoto wanaocheza mpira kwenye vichochoro vya Mbotela wamejifunza kulisikia gari kabla ya kuliona, na hili haliwapi nafasi hiyo. Pia huondoka kwa kasi kubwa kanyagio likiguswa tu. Ndani ya mtaa mwendo uwe wa mtu anayetembea, na kurudi nyuma kufanywe baada ya kushuka na kuangalia.

Kwa anayefikiria kununua, maandalizi ni daftari la shilingi 20 na mwezi mmoja. Kila jioni aandike kilomita za siku hiyo, au makadirio yake ikiwa bado hana gari. Pesa zilizotumika kwa mafuta au nauli. Gari lililala, au lingelala, wapi. Na kwa saa ngapi lilikaa mahali hapo bila kusogezwa. Safu ya mwisho ni ya siku ambazo stima ilipotea mtaani, na ilirudi saa ngapi.